Mlio wa Baghala

Mlio wa baghala niliujua kabla sijajua kusoma. Baba aliutoa jioni, akiwa ameketi uani kwetu Cheyo na ukili mapajani, anasuka shogi, ule mfuko mpana wenye midomo miwili anaotandikwa punda ili abebe mzigo pande zote mbili. Aliweka ukili chini, akajaza kifua, akaanza. Mlio ulipanda juu, mwembamba, farasi mtupu. Ulipofika juu kabisa ukakatika. Kisha ukaporomoka ukawa punda, mzito, wa kukwaruza, na mwisho zikaja kwikwi tatu, ya tatu fupi kuliko zote. Hazikuwahi kuwa mbili wala nne.

Baghala ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Vitabu vya shule vinamwita nyumbu, lakini ukisema nyumbu mtu anawaza wale wa Serengeti, na baba hapendi kuchanganyiwa mambo. Babu yake alikuwa mchunga wanyama wa misafara, Tabora kwenda Ujiji na kurudi, na kwa misimu kadhaa aliongoza baghala wa tajiri wake. Alimpenda mnyama yule kuliko alivyowapenda baadhi ya watu wa nyumbani kwake; sisemi mimi, anasema baba. Ndiye aliyemfundisha baba mlio ule, baba akiwa bado wa kupakatwa. Baba mwenyewe hakuwahi kumwona baghala kwa macho. Alipewa sauti tu, akaitunza.

Mimi sauti ile ilinitesa. Watoto wa shule waliusikia mlio ukipita juu ya ukuta wetu, na kesho yake nikienda bombani wananipokea nao. Nilipigana mara mbili kwa sababu hiyo, na mara zote mbili nilishinda, lakini aibu haikuniisha. Hata nilipokuwa mtu mzima, nimeolewa, nimeachika, nimerudi kwa baba kuendesha punda wetu wa kubeba matofali, bado nilikuwa namwambia, "Baba, basi. Majirani." Yeye anacheka. Moyoni nilikuwa na hakika kwamba babu yake alimtania mtoto, na mtoto akayachukua maneno ya utani kuwa amana.

Alikuwa na ombi moja tu duniani, na alilisema wazi kila Idi tukishakula: "Nikutane na baghala mara moja tu kabla sijafa." Wenzake wote walikwisha kutangulia. Hakuwa tena na mtu wa kumpa shikamoo. Miaka mingi alikuwa mtu wa kuitikia tu. Macho nayo yalianza kumpotea. Kwanza lilikwenda la kulia, halafu la kushoto likabaki na mwanga na vivuli. Alisuka kwa vidole, na alisuka vizuri kuliko mimi ninayeona.

Farasi Tabora ni kioja. Mbung'o wa maporini kwetu hawamwachi farasi aishi hivi hivi. Lazima sindano, dawa ya kupaka, na mtu wa kumwangalia kila siku. Lakini mzee mmoja wa Kihindu mwenye duka la vitambaa mjini, mzaliwa wa hapa hapa kama sisi, alitaka mwanawe aende kuoa juu ya farasi kama desturi yao ilivyo. Akamleta mmoja kutoka Arusha, jike jeupe, mgongo wake unanifika kidevuni. Arusi ikapita, ngoma zikapigwa, bwana arusi hakuanguka, tukamshukuru Mungu. Kilichofuata ni kwamba farasi alikuwa na mimba, na aliyemuuza hakusema.

Mtoto wake alizaliwa kwenye ua nyuma ya duka, akaishi siku tatu. Mama akakataa kula. Mzee wa duka akaja kwetu amevaa kandambili, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake, akamwambia baba, "Ndugu yangu, anakufa huyu. Mimi najua vitambaa. Nisaidie."

Wiki ile ile punda wetu mmoja alikuwa amekufa akizaa. Katoto kake, dume, kalikuwa kwenye kiwanja chetu cha Itetemia, nakanywesha maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa, na kanayatema. Baba hakufikiri sana. Alituambia tusimzike mtoto wa farasi kabla hajachunwa ngozi. Akamchuna mwenyewe, kwa vidole vile vile vya kusukia, akamfunga punda mdogo ile ngozi mgongoni kwa kamba za ukili, akaagiza farasi aletwe Itetemia.

Nilikuwepo. Farasi alishusha kichwa, akanusa ngozi ya mwanawe juu ya mgongo usio wa mwanawe. Akanusa tena, taratibu, kuanzia mkiani hadi shingoni. Punda alisimama kwenye miguu yake minne isiyojua kazi, masikio makubwa yametokeza nje ya ngozi ya mwenziwe. Kisha farasi akatoa sauti ya chini, ndani ya kifua, akageuka, akampa ziwa. Mzee wa duka alikaa chini mavumbini na suruali yake nzuri.

Punda yule alinyonya miezi sita na akakua akijiona farasi. Punda wenzake hakuwatazama kabisa. Mzee wa duka alianza kumkodisha farasi kwa arusi za wengine, na kila alipokwenda punda alimfuata, ukimfungia anavunja, kwa hiyo tukaacha. Ziko picha za arusi nyingi Tabora ambamo bwana arusi amekaa juu na kilemba cha dhahabu, na nyuma ya mkia wa farasi yanaonekana masikio mawili. Farasi yule alikuwa na tabia moja nyingine. Alikuwa mwoga wa kila kitu, mfuko wa nailoni, kuku, mwavuli, lakini ngoma ikianza anasimama kimya kama amepigwa misumari, maana ndivyo alivyofundishwa ili bwana arusi apande.

Baadaye arusi za wenye uwezo zikahamia Dar es Salaam, kwenye mahoteli. Farasi akabaki Itetemia anakula majani. Mzee wa duka alikuja kila Jumapili na sukari guru mfukoni. Jumapili moja nikiwatazama, yeye analambwa kiganja na baba yangu amesimama pembeni anasikiliza tu, wazo likanijia lote kwa mara moja. Tulikuwa na farasi jike. Tulikuwa na punda. Ombi la baba lilikuwa limesimama mbele yetu miaka minne, linakula majani, na hakuna aliyeliona.

Mzee wa duka alikubali palepale. "Lakini haraka, binti," akasema. "Umri wake unakwenda. Labda mimba moja tu imebaki." Nikaleta punda dume mkubwa kutoka Kaliua, wa kukodi, kifua kipana, sifa kama za mbunge. Alimtazama farasi, akapiga chafya, akaenda kula. Wa pili alimkimbia. Wa tatu alilala. Bwana mifugo alipokuja na sindano zake nikamlalamikia, akacheka.

"Dada, punda aliyelelewa na punda hamjui farasi. Kwake yule ni kama ng'ombe. Ungetafuta dume aliyekua na farasi tangu utotoni."

Sote wawili tukageuka kumtazama yule mdogo. Alikuwa na miaka minne sasa, dume kamili, masikio yake yanaishia kwenye bega la farasi. Bwana mifugo akasema, "Basi unaye."

Nilirudi Cheyo nikikimbia, kwa umri wangu. Nikamweleza baba. Nilitegemea atie dua. Baba akaweka ukili chini.

"Hilo usilirudie, mwanangu. Yule alinyonya kwake."

"Baba, ni punda."

"Alinyonya zaidi ya mara tano. Mara tano zinatosha. Ni mama yake wa kunyonya."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Katika dini yetu mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke ni mwanawe, hawezi kumwoa, na baba alikuwa amewafunga wanyama wale wawili undugu kwa mikono yake mwenyewe. Nikamwambia twende kwa shehe, mwalimu wa madrasa ya mtaani. Tukaenda. Shehe alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, ameshika ndevu. Kisha akauliza, "Mzee wangu, punda anafunga?"

"Hafungi."

"Anaswali? Anatoa mahari?"

"Hatoi."

"Basi na maharimu hana. Wanyama hawakuandikiwa hayo." Halafu akashindwa kujizuia, akacheka hadi kofia ikaanguka, na wanafunzi wake wakacheka nyuma ya mlango.

Baba hakucheka. Njiani nilimshika mkono kwa sababu ya macho yake, na akaniambia, "Shehe amejibu. Moyo wangu haujajibu."

Hapo nikakasirika. Mimi nikikasirika hasira hutoka kwanza, akili inafuata kwa bajaji. Nikamwambia, katikati ya barabara, "Umenitia aibu miaka arobaini kwa sauti ya mnyama! Leo mnyama mwenyewe yuko mlangoni, unamfungia!" Watu walisimama kututazama. Baba akaendelea kutembea, mkono wake bado ndani ya wangu. Laiti angenijibu. Usiku sikulala kwa kujutia mdomo wangu, lakini asubuhi nilichukua jembe nikaenda Itetemia. Hakunikataza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupima urefu. Punda mfupi hamfikii farasi mrefu. Lazima umwinue mmoja au umshushe mwingine. Nilichimba shimo la kina cha goti, lenye mteremko mbele, ili farasi arudishwe kinyumenyume miguu ya nyuma iingie chini na ya mbele ibaki juu. Nyuma ya shimo nikarundika udongo uleule na kuushindilia, ukawa kilima kidogo cha punda kusimamia. Nilichimba siku mbili. Udongo wa Itetemia kiangazi ni wa kuomba msamaha.

Kisha nikakosea, na kosa langu lilikuwa la heshima. Kando ya kiwanja inapita njia ya watoto wa madrasa, na mimi ni mtoto wa watu. Nikaona si vizuri jambo lile lifanyike hadharani. Nikazungushia majamvi, nikayafunga kwenye miti, stara kamili. Siku farasi alipokuwa na hamu, anainua mkia na kusimama karibu na punda wake, tulimwingiza ndani ya majamvi, mimi na mzee wa duka. Upepo ukavuma. Majamvi yakapiga kelele, na farasi akapagawa. Alizunguka, akarusha miguu, akaangukia goti ukingoni mwa shimo, akanyanyuka anatoka damu. Mzee wa duka alikuwa akilia kwa Kigujarati. Mimi nilijua tukimkosa leo ni wiki tatu nyingine, na tukimvunja mguu hakuna tena farasi, hakuna baghala, hakuna baba kusamehe.

Bodaboda ikasimama njiani. Baba akashuka, akipapasa hewa, na kwapani ana kitu kimefungwa kwenye kanga ya marehemu mama. Akakifungua. Lilikuwa dufu lake la maulidi.

Hakuuliza tulipo; alifuata kelele. Akasimama nje ya majamvi, akalipasha dufu joto kwa kiganja, akaanza kupiga. Alipiga polepole, mpigo wa kumsindikiza bwana arusi msikitini. Farasi akatulia. Masikio yakageuka upande wa sauti. Miguu ikasimama ndani ya shimo mmoja baada ya mwingine, akapumua, akawa kama siku zile na bwana arusi mgongoni. Yule punda mdogo akapanda kilima taratibu. Baba aligeuza uso kando, yeye ambaye hata angetazama asingeona, akaendelea kupiga hadi nilipomwambia, "Tayari, baba."

Alifunga dufu lake kwenye kanga. Nikamwomba radhi kwa maneno ya barabarani. Akasema, "Nilisikiliza usiku kucha kama babu atanikataza. Hakunikataza. Twende, ninaona kiu."

Mwaka mzima nilikwenda Itetemia kila siku, na kila siku niliogopa. Niliogopa mbung'o, niliogopa nyoka, niliogopa umri wake. Bwana mifugo aliingiza mkono wake wenye glavu hadi begani, akafumba macho, akasema, "Imo." Nikambusu bega la koti lake lenye mavi. Farasi alipanuka hadi akatembea kwa kuyumba. Punda wake alimfuata kila hatua, na nilimwona mara nyingi ameweka kidevu juu ya mgongo wake, kwa taabu, maana hafiki.

Alizaa alfajiri nisipokuwepo. Nilipofika, kitoto kilikuwa kimesimama tayari. Rangi ya udongo, miguu mirefu ya mama yake, kwato nyembamba za baba yake, na masikio ambayo sikuweza kuacha kuyatazama. Nimezaliwa kati ya punda na sijawahi kuona kiumbe kama kile. Kulikuwa na wanyama wawili na sasa kuna wa tatu, na wa tatu si huyu wala si yule. Niliketi kwenye majani yenye umande nikasema Subhanallah, na nikasema tena.

Nilimleta baba. Alipitisha vidole kwenye masikio, paji, shingo, kwato. Jirani mmoja aliyekuja kushangaa akasema, "Huyu si punda tu, mrefu mrefu?" Nikawa tayari kumjibu. Baba akanizuia kwa mkono.

"Ngojeni aseme mwenyewe."

Na tangu siku ile baba akaacha kutoa mlio. Alisema si adabu kuutoa mbele ya mwenye nao. Ua wetu wa Cheyo ukawa kimya kila jioni, na mimi niliyeutaka ukimya huo tangu nikiwa na miaka saba nikajikuta naweka sufuria chini, nasikiliza. Baghala hakusema. Alitoa vilio vya kitoto, miguno, pumzi za pua. Mwezi ukapita, na mwingine, hadi ikawa miezi minane. Masika baba alishikwa na kifua, akalazwa siku tisa, na kila nilipompelekea uji aliuliza jambo moja tu: "Amesema?" Namjibu bado. "Basi nami bado," anasema, anameza uji.

Alitoka hospitali amepungua, shati linamcheza. Nikawa namchukua Itetemia, anakaa kivulini mwa banda na ukili wake, baghala anamnusa kichwa. Asubuhi moja mzee wa duka akaja kumchukua farasi. Mjukuu wake, mtoto wa binti yake mkubwa, anaoa, ameukataa ukumbi wa Dar, anataka Tabora, juu ya farasi wa babu. Tukamvika shanga zake. Punda akafuata nyuma kama desturi. Baghala tulimfungia, kwa sababu kamba za arusi na mtoto havielewani. Wapiga ngoma walikuwa wakisubiri barabarani, wakaanza, msafara ukaenda ukipotea kwenye kona.

Nilikuwa nafagia. Baba alikuwa nyuma yangu. Ngoma ziliposikika kwa mbali, mlio ukapanda. Ulipanda mwembamba, farasi mtupu, ukafika juu kabisa ukakatika, ukaporomoka ukawa punda. Hasira ya miaka yote ikanipanda kwa mazoea. Niligeuka na ufagio mkononi nimwambie, "Baba, majirani!"

Baba alikuwa amefumba mdomo.

Ukili ulikuwa umesimama kati ya vidole vyake. Nyuma yake, juu ya mlango wa banda, baghala alikuwa amenyoosha shingo kuelekea njia aliyopita mama yake. Ikaja kwikwi ya kwanza. Ikaja ya pili. Nikajisikia nahesabu kwa sauti, mimi mtu mzima. Ya tatu ilikuwa fupi kuliko zote.

Hakukuwa na utani. Mtu mmoja aliusikia mlio ule njia ya Ujiji, akauweka kinywani mwa mtoto, na mtoto akaubeba maisha yake yote bila kupunguza wala kuongeza, na mimi nikamwambia anyamaze.

Baba aliweka ukili chini. Akashika nguzo ya banda, akainuka, akavua kofia. Akageuza uso wake kuelekea sauti ilikotoka, na mzee yule ambaye hakuwa na mtu wa kumwamkia akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu," akasema.